Dawa ya Kutetemeka: Mgonjwa Aelezwe Nini Kabla ya Kidonge cha Kwanza

Katika huduma ya kutembelea wagonjwa majumbani, Njombe hadi Makambako, tunakutana na wazee ambao mkono hutetemeka wakiwa wametulia, hatua zimekuwa fupi na sauti imefifia. Nyumbani husemwa ni uzee, au amerogwa. Si kila kutetemeka ni ugonjwa wa Parkinson, na daktari ndiye wa kuthibitisha, lakini wengi hawafiki kwake. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulihusu jamii ya watu zaidi ya 160,000 na kupata wagonjwa 33. Walio wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Katika ugonjwa huu, ubongo hupungukiwa dopamini, kemikali inayosaidia mwili kutembea na kugeuka bila shida. Dawa kuu ni levodopa ikichanganywa na karbidopa. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo. Karbidopa huizuia isigeuke njiani.

Hapa ndipo matarajio yanapoleta shida. Tumezoea dozi ya malaria: siku tatu, imekwisha. Mzee akipewa vidonge vya mwezi mmoja huamini mwezi ukiisha amepona. Aambiwe mapema kwamba dawa hii haiponyi; inarudisha uwezo wa kufunga vifungo, kunyanyuka kitini na kwenda shambani. Ukakamavu na uzito wa mwili hupungua zaidi, kutetemeka kunaweza kubaki. Asiyeambiwa hivyo hutazama mkono wake tu, akasema dawa haifai. Mkoa wetu unafahamu vizuri dawa za kumeza kila siku kwa saa maalumu kutokana na ARV, kwa hiyo mfano huo unaeleweka haraka.

Halafu kuna maudhi madogo madogo. Kichefuchefu ndicho kinachowatoa wengi katika dawa wiki za mwanzo. Daktari huanza na kiasi kidogo, na kipande cha mkate au kiazi husaidia. Maharage na nyama viliwe baadaye, kwa sababu protini hushindana na dawa kuingia mwilini. Tahadhari kubwa: vidonge vya metoklopramidi, ambavyo hutolewa sana kwa kutapika, huzidisha ugonjwa huu. Mhudumu wa zahanati aambiwe mgonjwa ana Parkinson kabla hajaandika chochote.

Kizunguzungu cha kusimama nacho kipo. Mzee akae kwanza ukingoni mwa kitanda, hasa asubuhi za baridi zetu, na ulanzi haumsaidii hata kidogo. Mkojo unaweza kuwa mweusi au mwekundu. Hiyo ni rangi ya dawa.

Kinachotisha familia zaidi ni mgonjwa kuona watu wasiokuwepo chumbani. Wengine hukimbilia kusema ni mapepo. Maombi hatuyakatazi, ila daktari ajulishwe siku hiyo hiyo, maana huenda kiasi cha dawa kinahitaji kupunguzwa. Asipewe haloperidoli, nayo hukaza mwili. Baada ya miaka kadhaa mwili unaweza pia kujinyonganyonga kama anayecheza ngoma. Hiyo mara nyingi hutokana na dawa, na marekebisho yapo.

Lililo hatari kuliko yote ni kuacha ghafla. Mwili unaweza kukakamaa kabisa, homa ikapanda, na mtu akapoteza maisha. Kwa hiyo nauli ya kufuata vidonge itengwe kabla havijabaki vya siku chache.

Tunaulizwa pia kuhusu upupu. Ni kweli mbegu zake zina levodopa, huu huu upupu unaotuwasha. Lakini kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na kuchanganya na vidonge ni kuzidisha dawa bila kipimo.

Kijana mmoja nyumbani apewe daftari. Aandike saa ya kumeza, saa mwili ulipolegea, saa ulipokaza tena, na lolote geni lililoonekana usiku. Siku ya kliniki aende nalo, pamoja na makasha ya dawa zote.