Damu isigande baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Swali: Daktari, mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili nipungue uzito. Shangazi yangu aliwahi kuganda damu mguuni. Nami nijikinge vipi? – Mama wawili, Tanga

Jibu: Habari ya shangazi mweleze daktari wako mapema, kwani yaweza kubadili dozi au muda wa dawa utakayopewa. Kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, vitaje pia. Mara nyingi husimamishwa wiki kadhaa kabla, ukapewa njia nyingine. Sigara, acha.

Hospitalini kwa kawaida utachomwa sindano ya heparini chini ya ngozi, na miguu huvishwa mikanda ya hewa inayokamua vigimbi. Lakini kinga ambayo wagonjwa huipuuza ni kutembea. Inuka siku ileile wakikuruhusu, hata kama ni kufika mlangoni na kurudi. Kuketi kitini si kutembea, mama!

Wengi hudhani hatari huishia getini. La, mabonge mengi hujitokeza mgonjwa akiwa nyumbani, hasa mwezi wa kwanza. Ndiyo maana wenye hatari kubwa huendelea na sindano kwa wiki kadhaa. Usiziache kwa sababu tu unajisikia mzima. Maji yanywe kidogo kidogo kutwa nzima, maana tumbo jipya halipokei glasi kwa mkupuo.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla au kifua kikichoma, usingoje kuche. Nenda hospitali usiku huohuo.