Dondoo muhimu: Chaja kuukuu ya betri usiitupe

Inyanyue kwanza. Ikiwa nzito kama tofali, ndani mna transfoma ya chuma na shaba, na chaja ya namna hiyo hutengenezeka. Kinachokufa mara nyingi ni fyuzi, dayodi au waya uliokatika kwenye kibanio. Fundi redio wa sokoni huvimaliza kwa bisibisi na risasi ya kulehemu. Hata koili ikiungua husukwa upya. Fyuzi iliyoungua ibadilishe kwa fyuzi ya ampea zilezile, si kwa karatasi ya pakiti ya sigara (mchezo huu ndio uliowaunguzia wengi transfoma).

Kasoro kubwa ya chaja hizi: nyingi hazijui kuacha kuchaji. Kaa na mita. Betri ya asidi ya volti 12 ikifika takriban 14.4 ikiwa bado kwenye chaji, chomoa. Ikishapumzika saa kadhaa na kusoma 12.6 au 12.7, imejaa. Betri ya lithiamu usiiguse na chaja hii.

Ule unga wa kijani na mweupe kwenye vibanio huondolewa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto. Funga vifuniko vya betri kwanza, maana tone la magadi likiingia ndani huidhoofisha asidi. Kausha, paka grisi.

Na betri ikichemka hutoa haidrojeni: zima chaja ukutani ndipo ung'oe vibanio. Sigara ibaki nje.