Kijani cha etangi: je, ni chakula cha mtu?



Siku moja, katika mkutano wa kooperativi hapa Obokote, mama mmoja aliniletea chupa ya maji ya kijani toka etangi yake ya samaki. Akaniuliza: «Mwanangu agronomi, nilisikia spirulina inasaidia watoto waliokonda. Hii si ndiyo ile? Niikaushe niwatilie wajukuu ndani ya uji?»

Jibu ni: hapana, mama. Lakini kijani hicho kina faida nyingine.

Spirulina ni nini?

Ni alge ndogo sana. Inapenda maji ya joto yenye magadi mengi. Kule Chad, katika eneo la Kanem, wanawake wanaichota, wanaikausha juu ya mchanga, kisha wanaitia katika mchuzi. Wanaiita dihé. Gramu 100 za spirulina kavu zina gramu 55 hadi 70 za protini, tena kuna chuma, na karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Ni chakula kizuri kweli. Lakini inaliwa kidogo kidogo: gramu 10 zinaleta protini karibu sawa na yai moja.

Kwa nini tusile kijani cha etangi zetu?

Maji yetu hayako ya magadi. Ndani yake kunaota alge za namna nyingi, na zingine zina sumu inayoharibu maini. Hata ukichemsha, sumu hiyo haitoki. Kwa macho tu hauwezi kuzitofautisha.

Basi tufanye nini?

Tumwachie samaki kazi hiyo. Tilapia anakula alge, anaigeuza kuwa nyama, na sisi tunakula tilapia.

1. Tia mbolea ya mbuzi, ya kuku ao majani yaliyooza katika kona moja ya etangi, uizungushie vijiti.
2. Pima kwa mkono. Ingiza mkono polepole ndani ya maji. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yanafika kwenye kiwiko, ni vizuri. Kama unakiona bado, ongeza mbolea. Kama kinapotea mbele ya kiwiko, alge zimezidi: acha mbolea kwanza.
3. Ukiona asubuhi samaki wanapumua juu ya maji, hewa imepunguka. Ingiza maji mapya haraka.

Na wajukuu je?

Wape samaki, maharagi, na sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana. Samaki wadogo waliokauka wasagwe pamoja na mifupa yao, watiwe katika uji: mifupa inaleta kalsiamu. Lakini mtoto aliyekonda sana, ao aliyevimba miguu, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Huyo anahitaji matunzo ya muganga, asingojee etangi.

Yule mama alimwaga chupa yake. Kisha akaenda kupima etangi kwa mkono.