Mashine haina isnadi: Nasaha kwa wanaoandika



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), ambaye katika aya za mwanzo kabisa alizomteremshia Mtume wake (s.a.w.) aliitaja kalamu. Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya hiyo kalamu na mgeni aliyeingia majumbani mwetu, yaani akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Lakini kabla sijampa mtu nasaha, ni haki nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Vijana wa msikiti wa mtaani kwetu waliandaa kijitabu cha kurasa 8 kuhusu mirathi. Nia yao ilikuwa njema, kwani watu wengi hufarakana baada ya mazishi kwa kutojua sheria. Kwa kuwa nimehariri maandishi ya watu kwa miaka mingi, waliniletea nikipitie. Nilikisoma jioni moja baina ya Magharibi na Isha. Kiswahili chake kilikuwa laini, sura na aya zimetajwa kwa namba, na vichwa vya habari vimepangika. Nikarekebisha alama za mkato, nikabadili maneno mawili matatu, nikawaambia: "Pelekeni kwa mchapaji." Zikachapwa nakala 500.

Miezi michache baadaye mama mmoja mjane, eda yake imekwisha, alikuja nyumbani na kijitabu hicho mkononi. Mumewe hakuacha mtoto yeyote, si kwake wala kwa mke mwingine. Baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia zilibaki shilingi milioni 24. Ndugu wa marehemu, ambao ni watu wa swala na si wadhulumaji, walifungua kijitabu chetu wakakuta kimeandikwa kuwa fungu la mjane ni thumni, yaani moja ya nane. Hakikuongeza neno. Wakampa milioni 3.

Kila aliyesoma Surat Nisaa anajua kwamba aya ya 12 imetofautisha hali mbili. Mjane hupata thumni pale mume alipoacha mtoto. Asipoacha mtoto, mjane hupata robo. Haki ya mama yule ilikuwa milioni 6. Kijitabu kilitaja aya hiyo hiyo, na kilitaja namba yake sawasawa, kisha kikaeleza nusu tu ya hukumu yake.

Nikamwita kijana aliyeandika ukurasa ule. Akaniambia: "Ustadh, sehemu hiyo sikuandika mimi. Niliiuliza akili mnemba kwenye simu, ikanipa." Nikamuuliza kama alifungua Msahafu. Akajibu: "Aya ilikuwa imetajwa, nikaona inatosha." Nikanyamaza, kwa sababu na mimi ndivyo nilivyoona. Yeye alidanganywa na namba ya aya, mimi nilidanganywa na ulaini wa Kiswahili. Alhamdulillah, ndugu wa marehemu walipoelezwa walimrejeshea mama haki yake. Tulichapa karatasi ya masahihisho, lakini vile vijitabu 500 vilikwishasambaa, na hatujui vyote viko wapi.

Je, tuseme basi kuwa chombo hiki ni haramu? La hasha. Mimi mwenyewe ninakitumia. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 30, 2022, mamilioni ya watu wanaandikia barua, hotuba, ripoti na hata mawaidha. Kuwaambia vijana wasikiguse ni kusema na ukuta. Lililo wajibu ni kujua kinavyofanya kazi.

Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi mno, kisha zikafunzwa kukadiria neno gani linaelekea kufuata baada ya neno lililotangulia. Kwa hiyo hazikumbuki kitabu kama hafidh anavyokumbuka. Hafidh akisahau katika tarawehe husimama, na walio nyuma yake humsahihisha. Mashine ikikosa jambo mara nyingi haisimami. Hujaza pengo kwa maneno yanayofanana na ukweli, tena kwa sauti ile ile ya kujiamini. Na yanayofanana na ukweli mara nyingi ni yale yaliyorudiwa sana, si yale yaliyothibiti. Ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata Uchina imeandikwa mara nyingi mno kuwa ni hadithi ya Mtume (s.a.w.), ilhali Ibn al-Jawzi aliiweka katika kitabu chake cha hadithi za kutungwa. Wingi wa kurudiwa haukuifanya kuwa sahihi.

Hapa ndipo sisi Waislamu tuna hazina ambayo tumeisahau. Umma huu ulijenga elimu nzima juu ya swali moja: umeyapata wapi? Imamu Bukhari (aliyefariki mwaka 256 Hijria) hakutosheka na matini nzuri. Alimtazama kila mpokezi: ni nani, alikutana na nani, kumbukumbu yake ikoje, ukweli wake ukoje. Hadithi yenye maneno mazuri kabisa iliachwa ikiwa isnadi yake imekatika. Na kabla yake, Zayd bin Thabit (r.a.), alipoamrishwa na Sayyidna Abu Bakr (r.a.) kuikusanya Qur'an, yeye mwenyewe alikuwa ameihifadhi. Pamoja na hayo alizitafuta aya kwenye maandishi na kwenye vifua vya watu, na akaiona kazi hiyo ni nzito kuliko kuhamisha mlima. Aliyehifadhi alihakiki. Sisi tusiohifadhi tunanakili na kubandika!

Mashine haina isnadi. Ukiiuliza imeyapata wapi huweza kukutajia kitabu kilichopo, na huweza kukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Wasidhani wasomaji kwamba haya ni ya mitaani kwetu tu. Huko New York, Marekani, katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili waliwasilisha mahakamani hoja zenye kesi sita za kubuniwa na ChatGPT. Wakili mmoja alikuwa ameiuliza mashine hiyo kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamjibu kuwa ni za kweli. Juni 2023 jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Hao walikuwa wanasheria wenye uzoefu wa miaka mingi.

Baada ya fedheha yangu nilijiwekea utaratibu, nami naueleza hapa kwa faida ya kila anayeandika, awe khatibu, mwalimu, mwanafunzi au katibu wa msikiti.

Kwanza, andika hoja yako mwenyewe kabla ya kugusa mashine. Chukua karatasi, andika sentensi moja tu: ninataka msomaji aelewe nini? Chini yake andika sababu zako tatu au nne. Ukishindwa, tatizo lako si lugha. Bado hujajua unalotaka kusema, na mashine haiwezi kujua kwa niaba yako.

Pili, mashine iulize maswali, usiiombe dalili. Ukimaliza rasimu yako iambie: niulize maswali kumi ambayo msomaji mbishi angeniuliza. Au: nionyeshe nilipojirudia. Hapo inakusaidia kama mwenzako wa darasani. Ukiiomba ikuletee hadithi, takwimu au kauli ya mwanachuoni, umeiweka kwenye kiti cha shekhe, na hicho si kiti chake.

Tatu, weka isnadi pembeni. Hili ndilo kubwa. Chapa rasimu kwenye karatasi, uchukue kalamu ya risasi, upigie mstari kila jina, kila namba, kila tarehe, kila aya, kila hadithi na kila kauli uliyomnasibishia mtu. Pembeni ya kila mstari andika ulikolitoa jambo hilo, na iwe ni mahali ulipofungua kwa mkono wako. Ikiwa ni aya, fungua Msahafu na tafsiri, usome na aya za kabla na baada yake. Ikiwa ni hukumu, muulize mwenye elimu hiyo. Pale pembeni palipobaki patupu, futa sentensi yake, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Usiiulize mashine kama ilisema kweli. Yule wakili wa New York alifanya hivyo. Surat Hujurat aya ya 6 imetuamrisha kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mimi nimeyaonja majuto hayo.

Nne, usidanganyike na ulaini. Maandishi ya mashine yana mazoea yake. Mengi yametokana na Kiingereza na kuvikwa kanzu ya Kiswahili. Utakuta: "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi, ni muhimu kutambua kwamba madrasa zinacheza nafasi muhimu katika kujenga jamii yenye maadili." Isome kwa sauti, kisha ujiulize umejifunza nini. Hakuna! Sentensi hiyo ingefaa kwa madrasa, kwa benki ya damu au kwa timu ya mpira. Sasa linganisha na hii: "Madrasa ya mtaani kwetu ina watoto 60 na ustadh mmoja, na mwezi uliopita ustadh huyo hakulipwa." Ya pili haina urembo wowote, lakini msomaji anajua tatizo ni nini na pengine ataingiza mkono mfukoni. Kila unapokutana na sentensi inayofaa popote, itoe, uweke ulichokiona mwenyewe: mahali, idadi, bei, siku.

Tano, soma kwa sauti mbele ya mtu. Msomee mke wako, mumeo au mwanao. Atakapokunja uso, hapo pana neno ambalo hata wewe hulielewi. Sikiliza pia ngeli na upatanisho, kwani mashine nyingi bado huteleza hapo, na ukiwa na haraka unateleza pamoja nazo.

Sita, chunga amana za watu. Wapo wanaobandika kwenye mashine barua za talaka, majina ya wanandoa, mgogoro wa kamati ya msikiti na maradhi ya mgonjwa, ili waandikiwe vizuri. Siri uliyoaminiwa haikuwa yako kuitoa, na ukishaituma hujui itahifadhiwa wapi wala nani ataiona. Kama ni lazima upate msaada wa lugha, toa majina na kila kinachomtambulisha mtu.

Saba, weka jina lako na uwe tayari kuulizwa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha *Sahifa* huko Mombasa mwaka 1930, na *al-Islah* mwaka 1932, asiyekubaliana naye alimjua ni nani na alijua pa kumpata. Huo ndio uzito wa kuandika. Ikiwa mashine imekusaidia sehemu kubwa, sema. Na likitokea kosa, usiseme "simu ndiyo iliyoandika". Simu haitasimamishwa mbele ya Mwenyezi Mungu (s.w.) kuulizwa habari ya milioni 3 za mjane. Tutaulizwa mimi na yule kijana.

Atatokea mtu aseme kuwa utaratibu huu unapoteza muda, na faida ya mashine ilikuwa ni wepesi. Ni kweli unachukua muda. Zile kurasa 8 zingehitaji siku mbili za kuhakiki. Nilizimaliza kwa saa moja. Kutafuta vijitabu 500 kumetuchukua miezi, na bado.

Yule kijana hajaacha kuandika, na sikumwambia aache. Juzi ameniletea rasimu mpya juu ya zaka. Pembeni mwa karatasi amejaza kwa kalamu ya risasi: sura, aya, ukurasa wa kitabu, jina la shekhe aliyemuuliza na siku aliyomuuliza. Kiswahili chake kina mikwaruzo kidogo, na mahali pawili amefuta sentensi nzima kwa kukosa pa kuitoa. Nimeisoma mara tatu, nami nimefungua kila alipopataja. Safari hii ndipo nikamwambia aipeleke kwa mchapaji.