Injini Ikigoma Ikiwa ya Moto, Usikimbilie Plagi

Wanachuo wenzangu, jambo hili wengi tumelishuhudia. Bodaboda imetoka mjini hadi getini bila shida yoyote. Dereva anazima, abiria anatafuta chenji, na baada ya dakika tano kiki inapigwa: kimya. Inapigwa mpaka jasho linatoka. Abiria anayefuata anapanda ya jirani. Robo saa baadaye pikipiki inawaka kama vile haikuwa na ugonjwa. Fundi anasema plagi, plagi inabadilishwa, na kesho mchezo ni uleule. Kwa mwenzetu anayeendesha jioni ili apate ada, hiyo ni hela iliyopotea bure.

Tuanze na petroli yenyewe. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, lakini petroli ni mchanganyiko. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi, na zile nzito karibu na 200. Sasa kumbuka kwamba kichwa cha silinda cha injini inayopozwa kwa hewa kinaweza kupita nyuzi 150, na kabureta imekaa sentimita chache tu kutoka hapo.

Mbona basi haichemki njiani? Kwa sababu upepo unapita kwenye mapezi ya silinda, na petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta inaipoza. Ukizima, vyote viwili vinakoma papo hapo, ila joto la kichwa bado lipo. Linatafuta pa kwenda, na njia mojawapo ni kabureta. Kwa hiyo dakika chache baada ya kuzima, kabureta inaweza kuwa ya moto kuliko ilivyokuwa barabarani. Petroli iliyo kwenye bakuli lake inachemka, mvuke unajaa njia ya kuingilia hewa, na injini inazidiwa mafuta. Ukivuta choki hapo, unaongeza mafuta juu ya mafuta. Acha choki, fungua moto kidogo kwa mkono, kisha piga kiki.

Dawa ya kudumu ni kulizuia joto njiani. Kati ya kabureta na kichwa cha silinda, injini nyingi zina kipande cheusi cha plastiki ngumu. Hicho si pambo. Kazi yake ni kuzuia joto lisivuke. Fundi akikitupa kwa sababu kimepasuka, akabana chuma kwa chuma, amefungua mlango. Na kikiachwa na ufa, hewa inaingia pembeni, mchanganyiko unapungua mafuta na injini inazidi kupata moto. Dai kipya, pamoja na gasketi zake.

Angalia pia mpira wa mafuta. Ukigusa silinda au ekzosi, mapovu ya mvuke yanajikusanya ndani na kuzuia mafuta yasishuke. Upitishe mbali, tena usiuache ulegee na kupanda juu ya injini. Halafu safisha tope kwenye mapezi. Tope ni blanketi.

Jenereta za stationari na saluni zinazotuzunguka zinafuata kanuni hiyohiyo, ila hazina upepo wa barabara. Zina feni, na bati linaloielekeza hewa kwenye silinda. Mtu akilivua bati hilo akidhani anaipa injini hewa zaidi, kumbe anaiunguza, maana hewa ya feni inatawanyika ovyo. Iache mbali na ukuta, nje ya chumba. Kabla ya kuzima, ondoa mzigo na iache izunguke dakika chache ili feni ipunguze joto.

La mwisho ndilo zito. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Dar. Ni mzito kuliko hewa, hivyo unashuka na kutambaa chini. Tenki la jenereta nyingi liko juu kabisa ya injini. Anayemimina petroli injini ikiwa bado ya moto, eti wateja wasisubiri, anacheza na ngozi yake na ya waliomzunguka. Zima, subiri ipoe, ndipo ujaze. Foleni ya fotokopi itangoja.