Kutafuta Makala za Utafiti kwa Mada

Umekwisha jifunza kuainisha viumbe hai. Je, unajua kwamba hata maandishi ya wanasayansi huainishwa?

Wakulima wa Mkoa wa Singida hulima alizeti kwa wingi. Tuseme mkulima wa Iramba amevuna alizeti, na mbegu nyingi ni mapepe, yaani maganda matupu yasiyo na kiini. Mapepe hayatoi mafuta. Mkulima anataka kujua sababu. Wanasayansi wamechunguza jambo hili na kuandika makala za utafiti. Atazipataje?

Makala huorodheshwa katika hazina ya kompyuta iitwayo kanzidata. Mojawapo ni AGRIS ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyoanzishwa miaka ya 1970. Ukitafuta jina la kawaida la mmea katika vichwa vya makala tu, utazikosa nyingine. Mtafiti mmoja huandika jina la kisayansi, Helianthus annuus. Mwingine hutaja nyuki tu. Mada huziweka makala hizo pamoja.

Ukitafuta kwa mada, anza na kundi kubwa, kisha shuka hadi dogo:

1. Kilimo
2. Mazao
3. Mazao ya mafuta
4. Alizeti
5. Uchavushaji wa alizeti

Katika hatua ya mwisho mkulima atajifunza kwamba nyuki huchukua chavua kutoka ua moja hadi jingine. Maua yasipochavushwa vema, mapepe huwa mengi. Kwa hiyo, akinyunyizia dawa ya kuua wadudu wakati alizeti imechanua, huenda akawaua nyuki wanaomsaidia. Hata hivyo, ukame nao huweza kuleta mapepe. Ndiyo sababu tunasoma makala zaidi ya moja kabla ya kuamua.

Kazi ya kufanya

Andikeni jina la kila kitabu cha darasa lenu kwenye kipande cha karatasi. Pangeni vipande hivyo kwa mada. Kisha mwanafunzi mmoja atafute kitabu kinachoeleza habari za wadudu. Je, amelazimika kusoma majina yote?

Maswali

1. Mapepe ni nini?
2. Kwa nini kutafuta kwa jina la mmea peke yake hakutoshi?
3. Mbuzi wa kijijini kwenu wanakohoa. Andika hatua nne za kutafuta makala, kuanzia "Mifugo".