Fundi Simu, Usinunue Cheti: Nenda Ukapimwe
Kijitabu cha elimu kwa mafundi wa simu na kompyuta waliojifunzia kazini

Kwa nini tumeandika kijitabu hiki

Fundi, huenda hukufika chuo. Uliishia darasa la saba au kidato cha nne, ukaketi pembeni ya meza ya kaka yako Kariakoo, Mwanjelwa au Kilombero. Ulianza kwa kufungua skrubu, ukapewa vioo, kisha matundu ya chaji. Leo unashika mita, unapima bodi na kusema umeme umekatikia wapi. Huo ni ujuzi kamili.

Tatizo ni kwamba ujuzi huo haujaandikwa popote. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inataka anayetengeneza simu kwa biashara awe na leseni. Waajiri nao wanauliza cheti. Pengo hilo kishoka, yaani muuza vyeti vya kughushi, amelinusa. Anafika kibandani na kusema: "Nipe hela leo, keshokutwa cheti mkononi." Vijana waliolizwa kwa maneno hayo wamekuja kulalamika kwetu mmoja baada ya mwingine.

Hata usiposoma ukurasa mwingine, shika hili: USINUNUE CHETI.

Cheti cha kununua hukamatwaje

Wengi hudhani cheti ni karatasi yenye muhuri mzuri. Sivyo. Cheti ni jina lako na namba yako kwenye kumbukumbu za chombo kilichokitoa. Anayehakiki hana haja ya kukodolea macho muhuri. Anaipeleka namba kwa waliotoa cheti na kuuliza kama wanamtambua mwenye jina hilo. Jibu likiwa hapana, mambo yamekwisha.

Kumbuka mwaka 2017. Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma, na taarifa iliyokabidhiwa kwa Rais mjini Dodoma ilikuwa na majina 9,932 ya waliokutwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliotumika miaka mingi na kazi wakiijua vizuri. Kuijua kazi hakukuwaokoa, kwa sababu karatasi waliyoingilia ilikuwa ya uongo.

Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kuitumia hati ya kughushi huku ukijua ni kosa pia. Siku utakapoitwa kujieleza, kishoka atakuwa ameshabadili laini ya simu. Utabaki wewe na karatasi yako.

Njia halali ipo, nayo ni hii

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hauulizi ulisoma shule gani. Unauliza unaweza kufanya nini.

1. Nenda chuoni mwenyewe. Fika chuo cha VETA kilicho karibu nawe, usimtume mtu. Uliza kama fani yako inapimwa msimu huo. Kama haipimwi, uliza kozi fupi. Kwa walio Dar es Salaam, chuo cha Kipawa ndicho kituo cha VETA cha TEHAMA.
2. Jaza fomu kwa ukweli. Kama umefanya kazi miaka miwili, andika miwili.
3. Pimwa. Utaulizwa maswali na utafanya kazi kwa mikono mbele ya wapimaji.
4. Ziba mapengo. Ukionekana una upungufu, utafundishwa hicho tu unachokosa. Usione aibu. Fundi aliyejifunzia kibandani anaweza kuwa hodari wa kuchomelea, lakini hajawahi kuelezwa kwa nini betri iliyovimba haitobolewi wala haikandamizwi.
5. Pokea cheti. Namba yake itunze, maana hiyo ndiyo itakayokutetea.

Masharti ya umri, uzoefu na ada hutofautiana kwa fani na msimu, utaelezwa chuoni.

Kabla hujalipa, simama

Malipo halali ya taasisi ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, nawe hupata stakabadhi. Mtu akikuambia utume ada kwenye namba yake ya simu, hata akiwa amevaa kitambulisho shingoni, usitume. Akikuambia nafasi zinaisha leo saa kumi, usitume. Akikuambia hakuna haja ya kupimwa kwa kuwa "amekuombea kwa mkubwa", huyo ni kishoka. Tunarudia: cheti kisicho na kipimo ni cheti cha kununua.

Anza na daftari

Usisubiri msimu wa upimaji. Nunua daftari leo. Kwa kila simu andika tarehe, aina ya simu, tatizo alilolitaja mteja, ulichopima, ulichobadili na matokeo. Andika pia zilizokushinda. Mpimaji, au mwajiri, akifungua daftari la miezi sita lenye vipimo, ataona unavyofikiri.

Andika na IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza \*#06#. Kuiandika ni kujilinda. Kuibadili ni uhalifu chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na mteja anayekuomba ufanye hivyo anakupa wewe kesi yake. Picha na ujumbe wa mteja navyo si vyako. Usifungue.

Maswali tunayoulizwa sana

*Sijui kusoma vizuri. Nitapimwaje?* Sehemu kubwa ya kipimo ni vitendo na mahojiano. Nenda ueleze hali yako.

*Nikishindwa je?* Utaambiwa umepungukiwa wapi. Hakuna kishoka aliyewahi kumwambia fundi jambo hilo.

*Nimeshanunua. Nifanye nini?* Usikitumie. Usikipeleke kwa mwajiri wala kwenye maombi ya leseni. Nenda polisi ukamripoti aliyekuuzia, kisha anza njia halali. Utachelewa, lakini utalala usingizi.

Neno la mwisho

Tumelisema hili sokoni, stendi na vibandani, na tunajivunia kila fundi aliyetusikiliza, akapimwa na kutundika cheti chake ukutani bila hofu. Kwa atakayepuuza tunasema wazi: onyo umelipata.

Pembeni ya meza yako leo ameketi kijana anayefungua skrubu, kama ulivyoketi wewe. Kazi anaiiga kwako, na njia ya kupata cheti ataiiga kwako pia. Siku utakayokwenda kupimwa, nenda naye.

USINUNUE CHETI. NENDA UKAPIMWE.